Fundi Radi, Aliyekaa Mbele ya Mawe

Ndugu na majirani, tunayemzika leo ni yule mhunzi mliyemwita Radi. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, alfajiri, mtoto wa pili kati ya watatu, katika chumba kilichopakana ukuta kwa ukuta na karakana ya baba yake. Mkunga alisema ametoka amekunja ngumi zote mbili. Dada yake mkubwa ndiye aliyeshika taa, akiwa na miaka sita, na anakumbuka: ngumi zile hazikukunjuka kwa miaka thelathini na mitano.

Alianza shule Januari 1965 akaiacha akiwa darasa la sita, baada ya kumvunja mwenzake jino kwa ajili ya kifutio. Hakuwa mjinga, hesabu zilimpenda. Ila neno dogo tu lilimtosha. Aliingia karakanani kwa baba, na baba yetu, Mungu amrehemu, hakuwa na mdomo wa kufundishia, alikuwa na kofi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu alikunjwa vibaya. Lakini chuma alikijua. Mageti mengi ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake, na hakuna hata moja lililolegea.

Alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981. Wiki ya pili alikasirikia chumvi, akaivunja sahani ukutani. Mkewe akachukua ya pili, akaipiga ukutani. Akachukua ya tatu. Kabati lilipokwisha akamwuliza, "Haya, baba, sasa tule wapi?" Walikula sufuriani mwezi mzima. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Sasa lile linalojulikana. Tarehe 14 Juni 1989 alikuwa na patasi ya fundi mawe motoni. Patasi ile ilitakiwa kupozwa kwenye mafuta. Mdogo wake, kitindamimba wetu, ambaye alifanya kazi naye, alikuwa na haraka, akaitosa kwenye maji. Ikapasuka.

"Umeitosa kwa mkono gani?" Radi aliuliza.

Kitindamimba alidhani ni mzaha. Akacheka, akauweka mkono wa kulia juu ya fuawe, pale chuma kinapopigiwa. "Huu hapa, kaka. Ufunge jela."

Nyundo ilishuka mara moja. Vidole vitatu havikunyooka tena, na aliyefungwa jela alikuwa Radi mwenyewe, miaka mitatu.

Kule gerezani alilala jirani na mzee mmoja fundi cherehani. Baada ya Radi kupigana mara nne, mzee alimwambia, "Wewe kaa chini." Akakaa. "Fumba macho. Hesabu pumzi mpaka mia. Ukishatulia, mtafute huyo unayemchukia, useme jambo moja jema lake. Ndipo uinuke."

"Hana jema."

"Basi hatuinuki."

Walikaa mpaka chakula kikawapita. Hatimaye Radi akasema, "Mdogo wangu anakoroma polepole." Mzee akasema, "Hilo linatosha kwa leo." Radi alimsimulia dada yake kwamba katika kukaa huko ndipo alipogundua hasira haikuwa inamjia. Alikuwa akiivukuta mwenyewe, kama makaa. Ukiacha kuvuta mvukuto, moto unafifia. Na wazo jema nalo ni vilevile, halishiki lisipovukutiwa kila siku.

Alitoka Julai 1992. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, alikaa kwenye kigogo mbele ya tanuri baridi, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha moto kabla hajainuka. Wateja walimtania.

"Fundi amerudi?"

"Si yule pale?"

"Namwona. Nauliza kama amerudi."

Kitindamimba alifungua duka la rangi ng'ambo ya barabara na hakumsemesha kaka yake miaka thelathini na moja. Na kila asubuhi Radi aliinuka na jema moja lake. "Leo amefagia mpaka upande wangu." "Leo ameimba." Dada yake akamwambia, "Si umwambie mwenyewe?" Akajibu, "Hajaniuliza, dada." Hilo lilikuwa kosa lake. Dada naye alikuwa akivuka barabara ile kila siku na hakulivusha neno. Hilo ni lake dada.

Tarehe 3 Februari 2024, saa nne na nusu asubuhi, watu wenye mawe walimkimbiza kijana mmoja mwenye gunia la vyuma chakavu, wakipiga kelele za mwizi. Akaanguka mlangoni pa karakana, kichwa kimepasuka, wanamkanyaga. Radi alitoka na aproni yake, akawapasua katikati, akakaa chini mbele yake, akafumba macho.

"Toka hapo mzee, tutakuponda nawe!"

"Niko kazini."

"Kazi gani?"

"Nakaa."

Wengine waliangusha mawe yao. Moja lilikuwa limekwisha kurushwa. Lililengwa kwa yule wa gunia, likampata Radi juu ya sikio. Lilirushwa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuweza kushika jiwe. Kitindamimba amekubali liandikwe hivi. Alikwenda kituoni kwa miguu yake siku ileile.

Radi alilazwa siku kumi na tisa. Siku ya tano alipata kauli. Alifumba macho, akahesabu, kisha akamwambia dada yake, "La leo ni hili: mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Angekuwa na ule wa kulia, usingenikuta." Akacheka mpaka nesi akamkanya. Kisha akasema, "Safari hii mwambie." Alifariki tarehe 22 Februari, saa moja asubuhi, saa yake ya kukaa.

Dada alimwambia kitindamimba mema yote, akianza na kukoroma, hata mlinzi wa mahabusu akachoka kusubiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo mmoja. Ndiyo, mdogo. Ni yule aliyesimama kati ya askari wawili. Nanyi vijana mlioapa kwamba hatoki hapa na meno yake, dada wa marehemu, anayewasomea haya, ameziona ngumi zenu, na ngumi za namna hiyo alianza kuziona akiwa na miaka sita.

Kwa hiyo hakuna atakayetia udongo bado. Kaeni chini, nyote, hapohapo kwenye vumbi. Fumbeni macho, hesabuni mia, kila mmoja amtafutie huyu mdogo wetu jema moja. Asiyelipata asiinuke. Tutasubiri, makaburi hayafungwi.

Kisha kitindamimba atatia udongo wa kwanza, kwa mkono wa kulia.

Alikaa kwa amani, sasa alale nayo.