Kitabu cha Wafu Kimemtaja Zelpha

Benchi letu ni kiti cha basi la shule kilichong'olewa kikaegemezwa ukuta wa kituo cha mafuta cha Dreama. Sponji yake imechimbika pale anapokalia Chura, na mwingine akikaa hapo anazama. Hapa Tolby hatuna meya, hatuna diwani, hatuna jengo lenye bendera. Tuna barabara moja, makanisa mawili yasiyosalimiana, makaburi kila kilima, na birika la Dreama ambalo kahawa yake ingeweza kushikilia tofali. Ukitaka jambo la serikali unaendesha maili ishirini na tisa za kona mpaka mahakama ya kaunti. Ukitaka uongo, unakaa hapa. Mimi hukaa hapa kila asubuhi, maana nyumbani hakuna wa kumkaripia. Jumanne hiyo ya Oktoba baridi ilikuwa imeanza kung'ata vidole, na nilikuwa nashika kikombe cha pili, pale Zelpha alipoingiza pikapu yake akashuka bila kuzima injini.

— Nimekufa, akasema.

— Karibu kahawa, akasema Chura.

Huyu Chura alichimba makaa chini ya ardhi miaka thelathini, vumbi likamwachia sauti ya dimbwini. Si mtu mbaya. Ila akili zake nyingine nadhani zilibaki kule chini.

— Sitanii, mzee. Karani wa kaunti kaniambia nimekufa. Nimesimama mbele yake na mkoba begani, nanukia sabuni, ananiambia pole mama, wewe ni marehemu.

— Tangu lini? akauliza Wakili.

Wakili hajawahi kuwa wakili. Aliitwa mara moja kukaa na wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, kesi yenyewe ya trekta lililoibwa, na tangu siku hiyo hatupumui.

— Tangu mwaka arobaini na saba. Tarehe mbili Agosti. Nikiwa na miezi mitano.

Akatueleza amesimama, funguo za nyumba zikilia mkononi. Leseni yake ya udereva inaisha Ijumaa. Zamani ulikuwa unakwenda, unatabasamu, unapigwa picha, unarudi. Sasa wanataka cheti cha kuzaliwa. Naye alikuwa nacho, kile ambacho mama yake alikitunza ndani ya kopo la unga. Karani akagonga kompyuta, akagonga tena, akaita mwenzake. Cheti kinasema Zelpha Turley, kazaliwa Tolby, Machi tisa, arobaini na saba. Kitabu cha wafu kinasema Zelpha Turley, wa Tolby, baba yule yule, mama yule yule, kafa Agosti. Cheti wakakizuia.

— Na mumeo, Corbett? akauliza Dreama kutoka mlangoni.

— Ndiyo hilo! Corbett anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hospitali iko mwendo wa saa nzima. Nani atamwendesha? Nikikamatwa bila leseni gari linachukuliwa. Akikosa mara mbili anavimba, akikosa ya tatu mnajua wenyewe.

Tulijua. Shemeji yangu alikosa mara tatu.

— Mimi nawaambia siku zote, akasema Chura akisogea ukingoni. Wanatumaliza kwa karatasi. Kwanza walifunga posta. Sasa barua zetu zote zimeandikwa jina la mji wa Hackley. Tolby haipo tena. Sasa wanaanza na watu. Leo Zelpha, kesho mimi. Wakishatuua wote kwenye vitabu, wanaziba bonde, wanajaza maji, wanaleta watalii wenye mitumbwi. Wahenga walisema, mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Inaingia yenyewe, Bi Vesta. Wewe ungojee tu.

— Si serikali, akasema Wakili. Huu ni wizi wa jina. Kuna watu wanakaa na kompyuta tu, wanauza habari zetu kama mayai. Dreama, hebu nitafute mimi kwenye hiyo simu uone.

Dreama akatafuta. Simu ikasema Wakili anaishi Florida na mke anayeitwa Bernadine.

— Humjui? akauliza Dreama.

— Simjui! Ila nawaza hali yake.

— Nitafute mimi, akasema Chura.

Chura akaonekana ana miaka mia moja na kumi na miwili, ana nyumba nne, zote Hackley.

— Ona sasa! Nyumba nne, na mimi paa linavuja. Wanazikalia akina nani?

— Wanazikalia Bernadine na ndugu zake, nikasema.

— Jamani! akasema Zelpha. Mimi nimekuja kwa shida.

Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Karani alimpa hiyo, fomu ya kiapo. Mtu aje aape mbele ya karani, aeleze kuzaliwa kwa Zelpha, ndipo wamfungulie cheti kipya. Alifikiri yeyote wa benchini angetosha, maana sote tunamfahamu. Chura alikuwa keshasimama, keshachomeka shati.

— Nitaapa mimi! Nimemfahamu Zelpha tangu nikiwa sijui kutembea.

Wakili akavaa miwani akasoma kwa kidole.

— Kaa chini, mzee. Shahidi awe amemzidi umri mwombaji, na awe alikuwepo au karibu wakati wa kuzaliwa. Wewe una sabini na moja. Ulikuwa bado hujatungwa.

Nikaitazama kahawa yangu. Kahawa haikunisaidia. Nilipoinua kichwa walikuwa wananitazama wote wanne, na Zelpha ameacha kuzichezesha funguo.

— Dada Vesta. Nyanya yako Hessie ndiye aliyekuwa mkunga.

— Alikuwa mkunga wa bonde zima.

— Na wewe ulikuwa unambebea mkoba. Mama alisema.

— Mama yako alisema mengi.

Miguu ikaanza kuniwasha ndani ya viatu. Nilitamani mvua inyeshe, tutawanyike.

— Basi kazi imekwisha, akasema Wakili akipiga makofi. Bi Vesta aape hivi: Zelpha huyu ndiye aliyezaliwa Machi tisa, hajafa hata siku moja, kitabu cha wafu kimekosea. Karani wa zamani alikuwa mlevi, kila mtu anajua. Saini moja, leseni, Corbett kapona. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuvua, nikasema. Mimi bado nimevaa.

— Bi Vesta, mgonjwa ni Corbett, siyo methali.

Hapo ndipo yule mama anayeleta mikate kwa gari alipotoka dukani kwa Dreama na trei zake tupu. Ana wiki tatu tu kwenye njia yetu, mtu wa Ohio, hatujui hata anaabudu wapi. Alikuwa amesikia yote, mlango wa Dreama haufungi. Akaziegemeza trei kiunoni.

— Samahani, mimi mpita njia. Kama kitabu kimekosea, huyo mtoto waliyemzika mwezi Agosti alikuwa nani?

Wakili akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Dreama akaangalia simu kana kwamba na hilo limo. Injini ya pikapu ilikuwa bado inanguruma, inakula mafuta bure.

— Zima gari, Zelpha, nikasema.

— Kwa nini?

— Zima, uje ukae.

Akazima. Akakaa pale pa Chura akazama, magoti yakamfika kifuani.

— Mlikuwa Zelpha wawili. Wa kwanza ndiye wa Machi. Joto la Agosti likaja, akaharisha siku tatu, akafa. Baba yako alikwenda kuandikisha kifo kwa sababu mchungaji alimsimamia mlangoni. Yuko juu kwenye makaburi ya Turley, lile jiwe lililotolewa kijitoni, lisilo na maandishi, ambalo mashine yako ya kukata majani hugonga kila kiangazi.

Zelpha akageuza shingo kuelekea kilimani.

— Wewe ulikuja miaka mitatu baadaye. Tulikuwa tunachinja nguruwe kwenu. Mama yako alikuwa anakoroga sufuria ya mafuta, akanikabidhi mwiko akaingia ndani na Nyanya Hessie. Nilikuwa na miaka kumi. Nikaambiwa nikiacha mafuta yaungue nitachinjwa mimi. Nikakoroga mpaka nikakusikia. Kijito kilikuwa kimefurika, daraja limekwenda. Nyanya akasema mtoto aandikishwe maji yakipungua. Mama yako akafungua kopo la unga akasema: cheti kipo, jina lipo, mtoto yupo. Karani tumsumbue wa nini?

— Wengi walifanya hivyo, akasema Chura taratibu. Kwetu jina lilirudiwa mara mbili. Mimi ndiye Hubert wa tatu.

— Nyie mlikuwa mnajua? Zelpha akamgeukia.

— Yako sikuijua, Zelpha. Haki ya Mungu.

Akanigeukia mimi.

— Sabini na tano, dada. Miaka sabini na tano umekaa na mimi kwenye kiti kimoja.

— Mama yako aliniapisha. Alisema mtoto akijua amevaa jina la marehemu, mwenyewe atakuja kulidai.

— Sasa si amelidai, akasema Wakili. Kwa kompyuta.

Hakucheka mtu. Hata yeye alionekana anatamani kuyameza.

Zelpha alitaka kuinuka, kiti kikamkatalia, ikabidi mama wa mikate aweke trei chini amvute mkono. Akatembea mpaka kwenye pampu akarudi. Akatembea tena.

— Mama alinipikia keki kila Machi tisa, akasema. Kila mwaka alikuwa anakwenda nyuma ya banda kwanza. Nilidhani anakwenda kuvuta tumbaku.

— Tumbaku alivuta pia, nikasema.

— Kwa hiyo nina miaka mingapi?

— Sabini na nne. Sabini na tano mwezi ujao.

— Kumbe mitatu na ushee nilikuwa nambebea mtu.

Wakili alikuwa amekwisha kuitandaza fomu juu ya boneti ya pikapu, maana huyo hata nyumba ikiungua atatafuta mahali pa saini.

— Wanataka tarehe, Bi Vesta. Karani hataandika nguruwe.

— Ilikuwa kesho yake baada ya sikukuu ya Shukrani. Baba yangu alichinja siku hiyo kila mwaka, na Turley walichinja pamoja nasi. Tulikuwa bado tunakula mabaki ya bata mzinga.

— Mwaka hamsini, akanung'unika Dreama, vidole mbio. Shukrani ilikuwa Alhamisi ya ishirini na tatu. Basi ni Novemba ishirini na nne.

Ilikuwa mara ya kwanza simu ile kusema kweli.

— Sogea huko, Zelpha akamwambia Wakili akiichukua fomu. Ofisi inafungwa saa kumi. Dada Vesta, panda.

— Koti langu liko nyumbani.

— Panda hivyo hivyo.

Nikapanda. Chura akanifungia mlango akaugonga mara mbili, kama tunakwenda vitani. Alitaka kusema methali, nikamwinulia kidole kumkanya, akaacha.

Zelpha aliendesha vibaya. Kona mbili za kwanza alizikata kama hajui kwamba upande wa pili kuna korongo, na mimi sikumkaripia, nikashika tu dashibodi. Tulipita kanisa la kwanza, tukapita la pili. Tulipoingia darajani akapunguza mwendo.

— Alikuwa analia sana?

— Nani?

— Unajua nani.

Nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa na miaka saba, nilipewa kazi ya kumpepea kwa gazeti.

— Sana, nikamwambia. Kuliko wewe.

Akaitikia kwa kichwa, akakanyaga mafuta.