Mita Thelathini na Tano Zilizopungua

Wekeni chini hizo simu, wanangu, na mlango muuache wazi nikione kile kiwanja, maana haya ya leo nayasema mara moja tu, na mimi mnanijua, sijawahi kusema jambo mara moja.

Onesphory, wewe mkubwa, kaa karibu na mama yako. Yusta, umetoka Endasak kwa bodaboda na vumbi lote hilo, kaa hapa miguuni.

Mimi Hhando, baba yenu, darasa sikulijua, lakini miguu yangu ilisoma. Nilikuwa nateremka Yaeda Chini asubuhi kumpelekea baba dawa ya ng'ombe, nikirudi hapa Masieda uji niliouacha jikoni bado unatoa moshi, na swala njiani wananipisha. Mama Onesphory, usicheke, hukuwepo. Siku zile ukiona vumbi barabarani huulizi gari la nani, unajua ni vijana wako mazoezini, na nchi nzima ilikuwa inatega sikio redioni ikingoja jina la mtu wa huku kwetu juu. Leo redio inasoma majina ya majirani, ya kwetu yanasomwa mwisho, kama yanasomwa. Vijana wamejaa kijiweni, wamelalia pikipiki, wanabeti mpira wa Ulaya, ukimwambia mmoja akimbie mpaka kisimani anakuuliza kuna posho gani. Watu wanalaumu wakubwa, wanalaumu simu, na mimi nimelaumu kuliko wote. Sasa tulieni niwaambie nani aliiua riadha ya Masieda.

Nilipotenga zile ekari nne za malisho ziwe kiwanja cha mbio, utepe wa kupimia haukuwepo. Nikachinja dume, nikakata ngozi mbichi ikawa kamba moja ndefu, nikaenda nayo kwa muuza vitambaa, akanipimia kwa mita yake ya mbao, mita ishirini kamili. Kamba ishirini ni mita mia nne, hata mimi najua hiyo. Nikaianika, nikaenda kuvuna, baada ya wiki tatu nikairudia imekauka kama mti, ndiyo nikapimia kiwanja. Mimi, niliyekulia kwenye zizi, ninayejua ngozi mbichi ikikauka inarudi, inakuwa fupi, hata kitanda hiki nilikiwamba kwa ngozi mbichi ili ikaze. Furaha ilinizidi, nikasahau.

Mnakumbuka vijana walivyokuwa wanapaa. Vijana mia mbili, haya, arobaini, walikuwa hapa kila jioni. Na Yusta, na miaka yako kumi na saba, mizunguko kumi na miwili na nusu ya mita elfu tano, dakika kumi na tano na sekunde arobaini, saa nimeishika mwenyewe. Nikatangaza Mbulu nzima, nikashuka mpaka Hanang, nikasema dunia haijazaa msichana wa namna hiyo.

Tukaenda Arusha kwenye mchujo. Ukamaliza kwa dakika kumi na saba na sekunde kumi, wa tisa, na wenzako nyuma kabisa. Pale stendi, mbele ya watu, nilikuambia nini, Yusta? Nilikuambia umekula chipsi za mjini ukauza miguu yako. Ulivua viatu ukanipa mkononi, ukapanda basi peku, na hujakimbia tena, mwaka wa kumi na tatu huu. Na wale arobaini wakajiuliza, kama Yusta ni wa tisa sisi tutakuwa wa ngapi, wakaacha mmojammoja, wadogo zao wakawa hawakuanza kabisa.

Mwaka uleule akaletwa shuleni kwetu Mwalimu Idd kutoka Tabora, akaja na utepe wa chuma. Akapima kiwanja, halafu hakwenda kwa watu, alikuja kwangu peke yake. Akanipa shikamoo, akasema, "Mzee, kiwanja kina mia tatu sitini na tano." Nikamwambia utepe wako umevutika kwa joto la kwenu. Akasema kwa adabu, "Chuma hakivutiki hivyo, mzee." Nilitazama kitanda changu nikajua palepale. Nilisema? Nilizunguka kwenye vilabu vya pombe nikieneza kwamba mwalimu anapima ardhi yangu aiuze. Wazazi wakawazuia watoto, michezo ya shule ikafa, naye akaomba uhamisho, yuko Yaeda Chini mpaka leo.

Nipe maji, mama Onesphory. Kidogo.

Yusta, hili ndilo lililonikatalia kufa wiki hii. Nilimwomba yule muuguzi, Glory, anipigie hesabu kwenye simu yake. Muda wako wa hapa, ukiongezewa mita zilizopungua kila mzunguko, unatoka dakika kumi na saba na sekunde kumi. Ileile. Arusha hukulegea hata hatua moja, ulikimbia kama nyumbani, mbele ya watu usiowajua, na kwa umri ule, nafasi ya tisa ilikuwa ya kubebwa mabegani. Unasema nini? Sema kwa sauti.

Ulidhani ni wewe. Najua, mama. Nilikuacha udhani. Usinipapase miguu, kama una hasira kasirika sasa, ningali nasikia.

Haya, kiwanja. Onesphory, umeniuliza mara tatu kama utapanda mahindi. Hupandi. Kiwanja ni cha Yusta, na asiambiwe na mtu kwamba ameshaolewa kwingine. Kitapimwa upya, kila upande ulionyooka uongezwe mita kumi na saba na nusu, na huko ni ndani ya shamba lako, mahindi utang'oa. Usinitazame hivyo. Ng'ombe wote ishirini chukua wewe. Ni saba. Chukua wote saba.

Kesho teremka kwa Mwalimu Idd, aje na utepe wake. Lakini kabla hujamweleza shida, mpe shikamoo yangu. Ndiyo, mimi ni mkubwa wake kwa miaka ishirini, wewe mpe. Mwambie ni shikamoo ya Hhando.

Ile kamba iko chini ya kitanda. Mnishushe nayo kaburini. Kaburi lenyewe msilipime nayo, nitalala nimekunja magoti.

Na katekista akisoma habari zangu, asiseme nilikuwa wa pili mbio za taifa. Nilikuwa wa... ngojeni. Wa thelathini na moja. Tulikuwa thelathini na watatu. Mama yenu anajua, amenivumilia.

Sogeeni niwashike vichwa. Mungu awape pumzi, hii iliyoniishia mimi awape ninyi. Msigombane kwa ardhi. Watoto wenu wakimbie, na wakishindwa, washindwe kwa haki, na waambiwe ukweli.

Yusta. Viatu vyako viko juu pale, kwenye boriti. Sikumpa mtu. Vaa... ndiyo, sasa hivi, jua lipo. Zunguka mara moja tu, nakuona hapa mlangoni. Na ukifika penye kona... usikate. Nyoosha, ingia kwenye mahindi ya kaka yako... nenda, nenda... mpaka itimie.