Risala ya Watumishi wa Kambi Kuhusu Mpishi Wetu na Hema la Mtoni

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hifadhi zetu. Msimamizi wa kambi. Wageni mliolala kwetu na mliofika asubuhi hii. Na ninyi familia zetu mliokaa kwenye mabenchi ya nyuma: tunawasalimu wote kwa heshima. Tunaomba mtuvumilie kidogo, maana aliyeteuliwa kusoma ni mfuaji wa mashuka, na mikono yake imezoea maji ya sabuni kuliko karatasi.

KARIBU SANA

Mgeni rasmi, jisikie uko nyumbani. Kelele unazosikia ng'ambo ya mto ni za viboko, wala hawana neno na wewe. Ukiona nyani amekaa juu ya gari lako, usishtuke, ila tunamwomba dereva wako apandishe vioo. Msafara uliopita tulisahau kuuambia hivyo, na afisa mmoja aliondoka hapa bila chakula chake cha njiani na bila miwani.

TULIKOTOKA

Kambi hii ilianza na mahema machache ya watu waliokuja kuhesabu wanyama. Walipomaliza wakaenda zao, wakatuachia mahema, choo kimoja na mpishi. Mpishi huyo ndiye tunayemwita Bwana Mwiko, na ndiye aliyepika chai uliyokunywa ulipofika. Wakati huo wanyama walikuwa bado hawasogei kambini, naye alipikia chini ya turubai, moshi wote unamwingia yeye. Wengi wetu alitupokea hatujui hata kusimamisha nguzo ya hema. Hakutuuliza tumesoma wapi. Alitupa bakuli la supu akasema, "Kula kwanza, kazi haikimbii."

TULIPOFIKIA

Tunamshukuru Mungu, wanyama wameongezeka. Jioni tembo hushuka mtoni na watoto wao, nyati hufuata, na twiga husimama mbali wakisubiri zamu kama watu waungwana. Simba hulala juu ya kichuguu kikubwa cha upande wa pili, na chui tunamwona wale wenye bahati. Wageni huja wakiwa na haraka zao za mjini, na baada ya usiku mmoja unawakuta wamekaa kimya mbele ya mahema, vikombe vimepoa mikononi, wanatazama tu.

Usalama pia tumeusimamia. Kila jioni mlinzi hupita hema kwa hema na kapu, anakusanya matunda yote ya wageni na kuyafungia stoo, kwa kuwa tembo akinusa chungwa haoni kama kitambaa cha hema ni ukuta. Kuna bwana mmoja aliyeficha machungwa yake chini ya mto wa kulalia, akidhani sisi tunayataka. Mkonga uliingia kumwamkia. Hakuumia hata kidogo, ila tangu siku ile yeye mwenyewe hutupigia simu akiwa na rafiki zake wanaokuja, anasema, "Wapeni kapu hao, wapeni kila kitu!"

TATIZO LETU

Hapa tunaomba usikivu wako, Mgeni rasmi. Tuliandaa matatizo mengi, kama ilivyo desturi. Tulikuwa na pampu ya maji, taa za njia ya chooni, na mabuti ya walinzi. Kisha tukakaa kikao, na mlinzi ambaye buti lake limetoboka ndiye aliyeinuka kwanza. Alisema, "Mimi hili langu bado linavalika. Tumsemee mzee." Tukayafuta yote. Limebaki moja.

Bwana Mwiko hajawahi kuwaona wanyama wa hifadhi hii.

Tunajua inachekesha, na yeye mwenyewe huichekea. Lakini tazama kazi ilivyo. Alfajiri tunatoka kijijini, nje ya lango, kwa lori. Lori limefungwa turubai pande zote ili vumbi lisiingie kwenye mikate, nasi tumo humo humo pamoja na mikate. Tukifika, yeye anaingia jikoni. Jiko limezungushiwa ukuta na wavu kwa sababu ya nyani, na mlango wake hautazami mtoni. Jioni, saa ambayo wanyama wanashuka kunywa, ndiyo saa ya chakula cha wageni. Vyombo vikishaoshwa, lori linawashwa, turubai linafungwa, tunarudi. Sisi wengine kazi zetu zinatutoa nje, tunaiba jicho. Sufuria haikupi nafasi hiyo.

Nyani anawajua vizuri, wamegombana miaka mingi. Twiga amemwona kuanzia shingoni kwenda juu, kwa kuwa ukuta wa jiko umeishia hapo. Wengine wote anawajua kwa masikio. Anakoroga supu, mara anainua mwiko na kusema, "Hao tembo, na leo wana kichanga." Tunatoka kuangalia, na kweli kipo.

Msimu uliopita wageni walipiga kelele kwamba simba ameonekana kwenye kichuguu. Tukamwambia, "Mzee, nenda! Sufuria tunashika sisi." Alifungua mlango, akavua aproni kwanza, akasimama ukingoni mikono nyuma kama mtu aliyekwenda kutoa pole. Alitazama muda mrefu. Aliporudi alikuwa na furaha ambayo hatujawahi kuiona kwake. "Nimemwona," alisema. "Amelala. Jamani, ni mkubwa!" Jioni ile chakula kilikuwa na chumvi mara mbili na hakuna aliyelalamika.

Simba alikuwa ameshaondoka zamani, Mgeni rasmi. Macho ya mzee hayakufika hata kwenye kichuguu. Alitazama blanketi la dereva, la rangi ya kaki, lililoanikwa juu ya kichaka upande wetu huu. Sote tuliona, na sote tulinyamaza. Kosa letu lilikuwa kutomwonya dereva, ambaye alikwenda kulianua mbele ya macho ya mzee, akalikunja, akalitia kwapani. Bwana Mwiko alicheka kuliko sisi wote. Akasema, "Basi nimeona simba anakunjwa, hilo ninyi hamjaliona." Halafu akazunguka nyuma ya jiko akakaa peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Hapo ndipo tulipojua kwamba macho yanakwenda. Mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, alimpeleka hospitali. Ni presha ya macho. Daktari alisema dawa itapunguza mwendo tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa anaona mchana mbele yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Mwisho wa msimu huu anastaafu. Tukikawia, atatoka kwenye hifadhi hii akiwa amewalisha watu wote waliokuja kuwaona wanyama, na yeye hajamwona hata mmoja wa kumsimulia mjukuu. Jambo hili linatuuma.

Kanuni tunaijua: mtumishi hapandi gari la wageni, wala halali kwenye hema la mgeni. Hatuilaumu. Msimamizi wetu ni mtu wa haki, tulipomwendea alituambia, "Nikimruhusu yeye leo, kesho nitamkataliaje mwingine? Mwombeni anayeweza." Anayeweza ni wewe, Mgeni rasmi.

OMBI

Sehemu hii tumeiandika upya asubuhi hii stoo, juu ya dumu, ndiyo maana ina mafuta ya taa pembeni. Mwanzoni tuliomba utupangie siku yoyote itakayokupendeza. Lakini tukiwa tunatandika, tukaarifiwa kwamba kikao kingine kinakusubiri, na hutaweza kulala kwetu.

Tulisikitika, maana hema lako tulilisimamisha jana kwa mapenzi. Ni lile la ukingoni, ambalo dirisha lake la wavu linatazama pale pale wanapokunywa maji, karibu kiasi kwamba hata mwenye macho hafifu anafikia. Mashuka ni mapya. Vitanda ni viwili. Leo mwezi ni mpevu, na tembo jana walishuka mapema, jua halijazama.

Tunaomba usiku huu wa leo, katika hema hilo, kwa Bwana Mwiko na Shemeji.

Chakula cha jioni atapika binti msaidizi wake. Mzee ataletewa mezani kama mgeni mwingine, na tunajua ataikosoa chumvi. Kesho alfajiri dereva anatoka kukagua barabara, na anasema kiti cha mbele hakina mtu. Safari hii blanketi lake amelifungia stoo pamoja na machungwa.

Mzee hajui lolote. Spika tumezigeuzia upande wa mto, na sasa hivi yuko jikoni anakuandalia chakula cha njiani. Shemeji naye hajui. Tulimwambia aje asikilize risala tu. Sasa ameshasikia, na tunaona amejifunika uso kwa mtandio. Tusamehe, Shemeji, hatukuwa na njia nyingine ya kulisema.

Hatutaki kukuweka kwenye kona mbele ya watu, Mgeni rasmi. Huna haja ya kutujibu kwenye hotuba yako. Begi lako limo ndani ya hema. Utakapokwenda kulichukua, ukiona ombi letu halifai, funga zipu ya mlango, nasi tutalikunja hema kama kazi nyingine yoyote, na hakuna atakayekuuliza. Ukiona linafaa, iache wazi. Nyani tutawafukuza sisi.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwenye kikao chako, ayalinde macho yako na ya wote uwapendao, na akurudishe kwetu siku ambayo huna haraka.

Ni sisi, Umoja wa Watumishi wa Kambi: jikoni, dobi, mahema, ulinzi na magari. Mmoja wetu hayupo hapa, amewasha jiko.