Tupokigwe Saulo Mwaisumo, Aliyeandika Upya Hatua ya Tisa

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kinyanambo, na ninyi mliosafiri kutoka Mbeya, Chimala na Iringa: naitwa Rabson, mdogo wake wa kumfuata. Shemeji Danieli ameniomba niandike maisha ya dada na niyasome mbele yenu. Nilijaribu kuandika nikiwa nimekaa, nikashindwa. Sehemu kubwa ya karatasi hii nimeiandika nimesimama, kama alivyozoea kuandika yeye.

Tupokigwe alizaliwa Jumapili tarehe 3 Juni 1984 hapa Mafinga, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Mzee Saulo Mwaisumo na Mama Apolonia Kalinga. Baba, mwenyeji wa Rungwe, alikuwa dereva wa lori la magogo ya Sao Hill. Mama alikuwa mkulima. Mama anasema mtoto huyu alisimama na kutembea akiwa na miezi tisa, na hakurudi kutambaa hata siku moja. Sisi tuliokua naye hatukuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alianza kukinywa mezani, akaendelea nacho mlangoni, na kikombe chenyewe tulikikuta uani au kwa jirani.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Kinyanambo kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha sekondari mjini Iringa kuanzia 1999 hadi 2002. Ripoti yake ya kidato cha pili mama ameitunza. Mwalimu wa darasa aliandika: "Ana akili lakini hatulii." Chini yake, mahali pa maoni ya mzazi, baba akaandika kwa kalamu nyekundu: "Hata sisi tumeliona. Tafadhali mkipata dawa mtuambie." Mwaka 2004 alikwenda Mbeya kusomea ufundi wa kompyuta, akahitimu stashahada yake mwaka 2007.

Alianza kazi Mwanjelwa, jijini Mbeya. Katika miaka sita alifanya kazi kwa mafundi watatu na kuwaacha wote watatu. Hakuwa na ugomvi nao. Tatizo lilikuwa karatasi. Kila alipotengeneza kitu aliandika namna alivyokitengeneza, akabandika ukutani, na wateja wakaanza kusoma na kujitengenezea wenyewe. Tajiri wa mwisho alimwambia, "Binti, unanifukuzia watu." Akajibu, "Basi nitaondoka mimi, karatasi zibaki." Mwaka 2014 alirudi Mafinga na kufungua ofisi yake ndogo karibu na stendi.

Mwaka huohuo, Jumamosi tarehe 27 Septemba, alifunga ndoa na Ndugu Danieli Kikoti, fundi seremala. Walikuwa wamejuana kwa sababu ya meza. Tupokigwe aliagiza meza, ikayumba, akairudisha. Akairudisha mara tano. Shemeji amekiri juzi mbele ya familia kwamba baada ya mara ya pili alikuwa akiukata mguu mmoja makusudi. Asubuhi ya harusi bibi harusi alipotea. Saluni walisema ametoka na nywele nusu. Mimi ndiye niliyemkuta, kwenye njia panda, ameshika kadi ya mwaliko na kalamu. Kadi ilielekeza wageni wakate kushoto kwenye kiwanda cha mbao, na barabara ile ilikuwa na viwanda vya mbao vinne. Alikuwa anasimamisha magari na kuwachorea watu njia sahihi. Nikamwambia, "Dada, kanisa linakusubiri wewe." Akasema, "Wakipotea wageni, watamwona nani akiolewa?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Goodness na Clement.

Sasa nieleze kazi iliyobeba miaka yake mitatu ya mwisho, maana wengi hapa mlimwona akipita na begi mgongoni na hamkujua anakwenda wapi.

Mwezi Septemba 2022, shule moja ya sekondari nje ya mji huu ilipewa msaada wa kompyuta mpakato ishirini na nne za aina mpya kabisa. Programu zilizokuja nazo zilidai intaneti kila zilipowashwa, na shuleni pale hakukuwa na intaneti. Mwalimu mkuu, Mwalimu Benedicta Ngimbudzi, akamwita Tupokigwe. Yeye alikuwa anaufahamu mfumo endeshi, yaani programu kuu ya kuendesha kompyuta, mdogo na wa bure uitwao Zefa, mwepesi, usiohitaji intaneti, uliotengenezwa na watu wa kujitolea walio kama sitini tu duniani kote. Maelekezo ya kuuweka yalikuwa kwenye tovuti ya watu hao, kwa Kiingereza. Aliyafuata. Kwa haraka yake aliziweka kompyuta tatu mezani akazifanya kwa pamoja. Hatua ya tisa ilisema futa sehemu fulani ndogo ya diski. Akafuta. Kompyuta zote tatu zikazima, na hazikuwaka tena.

Maelekezo yale yalikuwa sahihi kwa kompyuta za zamani. Katika kompyuta mpya, sehemu ile ndogo ndiyo inayoiamsha mashine, na hakuna mtu aliyekuwa ameandika hivyo mahali popote.

Mwalimu Benedicta yupo hapa na ameniruhusu kusema. Alimwambia, "Mama Goodness, hizi ni za watoto." Maneno hayo tu. Dada hakujitetea. Alikwenda mwenyewe mbele ya bodi ya shule akasema, "Nimeziua mimi, zote tatu, kwa sababu nilikuwa na haraka." Kisha akaiandikia ile jumuiya ya Zefa kueleza kilichotokea. Msimamizi mmoja wa kurasa hizo, mtu wa Ulaya, akamjibu mistari miwili: ukurasa hauna kosa, msomaji angehakikisha kwanza kwamba mashine yake inafaa.

Kwa wiki mbili nyumba ile haikukalika. Shemeji anasema dada alikuwa akifagia uwanja mara tatu kwa siku. Halafu siku moja akasimama jikoni akamwambia, "Danieli, yule mzungu amenijibu kama vile wasomaji wote wametulia. Mimi sijatulia. Anayesoma maelekezo ana mwalimu mkuu nyuma yake na watoto mlangoni. Lazima yaandikwe kwa ajili ya mtu kama mimi."

Akaanza. Hakuandikia ofisini. Alisema huwezi kujua kama maelekezo ni mazuri mpaka umwone mtu akikosea nayo. Kwa hiyo akachukua basi kwenda Chimala, kwa fundi simu Samwel Mwashambwa, karibu na soko la mchele. Samwel alipoisoma hatua ya tisa akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na kompyuta ya mteja, imekufa vilevile, ameificha miezi minne. Akasema, "Dada, nilidhani ni mimi peke yangu mjinga." Siku ile dada alirudi na furaha ambayo shemeji hakuielewa. Samwel pia ndiye aliyemwambia kwamba kumwandikia mtu "hakikisha mashine inafaa" hakusaidii, kwa sababu kila mtu anaamini ya kwake inafaa. Kwa hiyo mwongozo mpya ukaanza hivi: Geuza kompyuta. Soma herufi mbili za kwanza kwenye kibandiko. Kisha zikafuata picha, alizozipiga mwenyewe juu ya ile meza ya shemeji.

Akaenda Tosamaganga, kwa Sista Rozalia, mwalimu wa hesabu. Sista akasema, "Mwanangu, mimi kompyuta siijui." Dada akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako, Sista." Alimpa kompyuta yake mwenyewe afuate maandishi, naye akakaa pembeni akikalia mikono yake ili asimsaidie. Sista anakumbuka benchi likitikisika. Alipofika mahali pa hatari akabonyeza, halafu ndipo akasoma onyo, maana onyo lilikuwa chini ya hatua. Dada aliruka: "Hapo! Hapo hapo!" Sista akadhani ameharibu, akaanza kuomba msamaha. Dada akamkumbatia. Kumbe dada alikuwa ameitoa diski yake mapema na kuweka ya majaribio. Tangu siku hiyo maonyo yote yakahamia juu.

Mwongozo huo aliuandika mara kumi na moja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hakuficha aibu yake. Juu kabisa aliandika jina lake na idadi ya kompyuta alizoziua. Mwezi Agosti 2023 zile kompyuta ishirini na moja zilizobaki shuleni ziliwekwa Zefa zote bila kuharibika hata moja, na walimu wenyewe ndio waliofanya kazi hiyo, dada akiwa nje ya darasa, akizunguka jengo. Mwezi Novemba, yule msimamizi aliuondoa ukurasa wa zamani akaweka wa dada, na akamwomba awe mmoja wa wasimamizi. Alimwandikia pia kwamba amesoma upya jibu lake la mwaka uliopita na limemtia haya. Dada aliujibu ujumbe huo siku ileile kwa kumwonyesha makosa mengine manne.

Mwezi Februari 2024 alianza kuvimba miguu. Vipimo vilionyesha figo zake zote mbili zimechoka. Kuanzia Julai ilibidi asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa hiyo akahamia kwangu Uyole, Mbeya, na Danieli akawa anakuja kila Ijumaa na watoto. Fikirini mtu huyu, kwa saa nne kitandani bila kuinuka, mkono mmoja umefungwa mirija. Aliandika kwa mkono mwingine. Muuguzi alipomwambia alale, alisema, "Nitalala, dada yangu, kuna mtu ameniuliza swali na ameshaifungua kompyuta yake."

Kisha Machi mwaka huu ikatoka aina nyingine ya kompyuta, na sehemu ile ndogo ya diski ilikuwa imehamishwa tena. Mwongozo wake ukawa na kosa. Shule yetu ileile ililetewa moja. Alhamisi tarehe 20 Machi, siku yake ya kusafishwa damu, aliniaga kwamba anakwenda hospitali, akapanda basi la Mafinga kwenda kuiona.

Alirudi kesho yake uso umevimba, anahema. Nilimpeleka hospitali moja kwa moja, na nikiwa njiani nilimgombeza kama ambavyo sijawahi kumgombeza mtu mkubwa kwangu. Nilimwambia, "Dada, una watoto. Huo ukurasa hauna watoto." Akafumba macho. Akasema, "Hata yule atakayeufungua kesho ana watoto, Rabson. Na hanijui, hawezi kuniuliza."  Tulikaa siku kumi tukizungumza habari za chumvi na maji aliyopimiwa na daktari tu.

Daktari alituambia baadaye kwamba siku ile moja siyo iliyomchukua. Namwamini. Lakini sitawadanganya wapendwa wangu, swali lenyewe bado linaniamsha, na najua linamwamsha na shemeji. Tumekubaliana tuliseme hapa badala ya kila mmoja kulibeba upande wake. Tulipomaliza zile siku kumi, dada ndiye aliyeanza. Alinishika mkono akasema, "Ulikuwa sahihi kunigombeza. Na mimi nilikuwa sahihi kwenda. Sasa nipe chai." Nikampa kikombe nusu, kama alivyoruhusiwa. Akainuka nacho.

Mwezi Juni kijana mmoja wa nchi ya mbali, ambaye hatumfahamu, alisoma yale maelezo ya dada kuhusu kompyuta tatu zilizokufa, na kwa sababu dada alikuwa ameandika kila kitu alichokifanya, akagundua njia ya kuzifufua. Samwel alitoka Chimala hadi Mafinga akajaribu. Mbili ziliwaka. Ya tatu imekataa hadi leo. Samwel alipompigia dada simu kumpa habari hiyo, dada hakulia kwa furaha ya zile mbili. Aliuliza, "Ya tatu inasema nini ukiiwasha?"

Mwishoni mwa Agosti moyo wake ulianza kushindwa. Tupokigwe aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Mbeya, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Shemeji alikuwa upande wa kulia, mama upande wa kushoto. Mama alikuwa ameshika mguu wake, na anasema hadi dakika ile vidole vya mguu vilikuwa vinacheza.

Mwongozo haukukamilika. Juzi niliufungua kwa mara ya kwanza, mimi ambaye sijui kompyuta, nikausoma wote, nikauelewa. Aina ile mpya inahitaji hatua kumi na saba, na ya mwisho hakuwahi kuiona ikifanyika. Angeweza kuikisia. Aliandika hivi, siku nne kabla ya kufariki: "Hatua hii sijaijaribu. Usiifanye kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ukiijaribu kwenye ya kwako, tafadhali rudi hapa uandike kilichotokea, hata kama umeharibu. Hasa kama umeharibu."

Samwel, Mwalimu Benedicta na Sista Rozalia wameniambia watakutana Jumamosi ijayo shuleni kuijaribu.

Marehemu ameacha mume, Danieli Kikoti. Watoto wawili, Goodness na Clement. Mama mzazi, Apolonia Kalinga. Na wadogo zake watatu, Rabson, Sabina na Benjamini. Baba yetu, Mzee Saulo, alimtangulia mwaka 2016.

Bwana ametoa, tunamshukuru. Na sasa ampe Tupokigwe pumziko lile ambalo sisi sote tulimsihi alichukue, akalikataa. Amina.