Mihuri Saba ya Fundi
Risala ya wanafunzi wa Ualimu, mwaka wa pili, katika ufunguzi wa chumba cha kujisomea

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo chetu, Msajili, walimu wetu, wafanyakazi wa maktaba, jikoni na bustani, ambao leo mmekaa mbele badala ya nyuma, wanafunzi wenzetu:

Kukukaribisha

Karibu sana. Umepanda ngazi za ghorofa tatu kwa miguu, na tuliposikia hatua zako tulianza kusukumana ili kila mmoja aonekane ametulia. Chumba hiki ulichokuja kukifungua kilikuwa stoo ya viti vibovu. Viti tumevitengeneza, kuta tumezipaka rangi wenyewe, na ukitazama karibu na swichi utaona mahali tulipobishana kuhusu rangi ipi ikae wapi, pande zote mbili zikashinda. Tumefurahi kukuona, na furaha hiyo hatukuifanyia mazoezi.

Sisi ni nani

Sisi ni darasa la mchanganyiko. Wapo waliotoka sekondari moja kwa moja, bado wanaomba ruhusa kwenda msalani. Wapo waliotoka kazini: muuguzi, dereva wa lori, mpishi wa hoteli, fundi cherehani. Mwaka wa kwanza hao wakubwa walikuwa wakituita "watoto" na sisi tukiwaita "wazee". Siku hizi tunaazimiana madaftari, na heshima imebaki pale pale.

Tunachojivunia

Mwaka jana hakuna hata mmoja wetu aliyerudia mwaka. Kwaya ya kitivo ni yetu. Chumba hiki ni chetu na cha watakaokuja.

Tunajivunia pia kanuni moja ya chuo. Muuguzi wetu alipohamishiwa zamu za mchana, aliacha masomo mawili katika wiki ya tatu kwa kujaza Fomu ya Nne. Alibaki na manne, akayafaulu yote, na mwaka huu ameyachukua yale mawili akiwa na nafasi ya kupumua. Kanuni ya kuacha somo ilimwokoa. Tunaisifu mapema mbele yako, Mheshimiwa, kwa sababu baada ya muda mfupi tutailalamikia.

Jambo lililotupata

Yupo mwenzetu tunayemwita Fundi. Ameshona kwa miaka kumi na minne, ana watoto pacha, na sare za kwaya mtakazoziona leo ni kazi ya mkono wake. Alituomba tusiisome sehemu hii, akasema tutaharibu sherehe. Tukapiga kura, akabaki peke yake upande wa kukataa. Tulipotangaza kwamba amepata asilimia mbili, alisimama kutusahihisha: ni mbili nukta nne. Utaona kwa nini masahihisho hayo yalitufurahisha.

Muhula huu somo la Takwimu lilimgomea Fundi kabisa. Alikuwa akitoka darasani amejaza kurasa tatu, na hakuna mstari anaoweza kumweleza mtu. Mwisho wa kuacha somo ni Ijumaa ya wiki ya nne. Jaribio la kwanza huja wiki ya sita. Kwa hiyo hakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha anaweza au hawezi. Alichokuwa nacho ni hofu yake tu. Alhamisi akaamua aliache.

Kwenye korido ya usajili fomu zimewekwa kwenye rafu moja. Fomu ya Nne ni ya kuacha somo, na inahitaji muhuri mmoja. Fomu ya Tano ni ya kujiondoa chuoni, na inahitaji mihuri saba. Zote ni za manjano, na zote juu zimeandikwa kwa herufi kubwa: Ombi la Mwanafunzi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanamsukuma kwa mabegi. Fundi akachukua iliyokuwa karibu na mkono. Ilikuwa Fomu ya Tano. Kwenye nafasi ya sababu akaandika kwa mwandiko mzuri: "Takwimu imenishinda."

Akaanza safari ya mihuri: idara, maktaba, mabweni, zahanati, chumba cha kompyuta, michezo, na mwisho usajili. Kwenye mabweni mlezi akamuuliza, "Chumba namba ngapi?"

"Mimi nakaa kwangu, baba."

"Basi huna godoro letu." Akagonga muhuri.

Kwenye ofisi ya michezo wakamuuliza kama amerudisha jezi.

"Sijawahi kupewa jezi."

"Basi uko safi, dada. Kila la heri huko uendako."

Fundi alitoka pale akijiuliza Takwimu na jezi wapi na wapi. Lakini yeye si mtu wa kuhoji wakubwa. Alijiambia kwamba chuo kina mambo yake. Maktaba ndiko alikokaribia kushtuka, kwa sababu mama wa maktaba alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Mwanangu, usikate tamaa. Maisha yana njia nyingi." Fundi akashukuru, huku moyoni akistaajabia upendo wote ule kwa ajili ya somo moja.

Ijumaa alasiri alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Mumewe ni seremala. Aliichukua nakala, akaisoma akiwa na penseli sikioni.

"Mama Pacha, hapa inasema umeacha chuo."

"Nimeacha Takwimu."

"Takwimu iko kwenye sababu. Kilichoachwa ni chuo."

Fundi akaisoma tena, polepole, kwa kidole.

"Yaani," mumewe akasema, "umezunguka siku mbili unajifukuza, na kila mlango ukasema asante?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya mbao. Kisha akauona uso wa mkewe, akaikunja ile karatasi vizuri. "Jumatatu tunakwenda wote," akasema.

Jumatatu karani wa dirishani aliwapokea kwa upole, na hapa tunamshukuru. Ila jina la Fundi lilikuwa limeshatoka kwenye mfumo.

"Aliyejiondoa anaomba upya baada ya mwaka mmoja, dada."

"Lakini mimi sikukusudia kujiondoa."

"Kuna mihuri saba hapa. Mtu hawezi kujiondoa kwa bahati mbaya mara saba."

"Mimi nimeweza," Fundi akajibu, na karani akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza.

Fundi alikata rufaa. Kamati ya Taaluma ikajibu kwamba sahihi ni yake. Ni kweli, ni yake. Alikaa nyumbani siku tatu, akashona mapazia ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Aliyemfuata ni mwalimu wa Takwimu, ambaye sisi tunamwita Mwalimu Wastani. Tunaomba radhi, jina hilo analijua. Katika mihuri yote saba hakuna uliotoka ofisini kwake, ingawa somo ni lake. Alifika kwenye kibanda cha kushonea cha Fundi na nakala ya fomu mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba nimekushinda?"

"Sikukutaja wewe, mwalimu. Nimelitaja somo."

"Mimi na hilo somo tumekaa pamoja miaka kumi na tisa. Ukilisema umenisema." Akavuta kiti. "Zile sare za kwaya, ulinunuaje kitambaa? Ulimpima kila mtu kwanza?"

"Nitawapima wote saa ngapi? Nilipima wanane, wembamba na wanene, nikajua."

"Na kitambaa kilibaki?"

"Nusu mita."

Mwalimu Wastani akaiweka ile nakala mezani. "Mama, somo zima la wiki ya tano, kupima wachache ujue wengi, ndilo hilo ulilolifanya."

"Mbona hukusema hivyo darasani?"

"Nilisema," akajibu mwalimu, "lakini nadhani nilisema kwa herufi za Kigiriki."

Tangu siku hiyo mwalimu anafundisha na futi ya kushonea shingoni, na darasa zima tunaelewa. Walimu wa masomo mengine walikubali Fundi akae darasani asikilize, na kila jaribio alilifanya pamoja nasi. Katika Takwimu alipata sabini na nane, akawa wa tatu. Alama zake za masomo yote zimeandikwa kwa penseli pembezoni mwa madaftari ya walimu, kwa sababu kwenye mfumo hana mstari. Mitihani ya mwisho inaanza Jumatatu ijayo, na asiye na namba haingii ukumbini. Asipoingia, zile alama za penseli zitafutwa, na mwaka ujao ataanza kuomba nafasi kama mtu asiyewahi kufika hapa.

Maombi yetu

La kwanza ndilo lililotuamsha asubuhi. Kanuni ya thelathini na moja inakupa wewe, Mheshimiwa, mamlaka ya kurekebisha usajili palipotokea kosa la wazi. Barua ya Fundi, ya Mwalimu Wastani na ya Mkuu wa Idara zilifika ofisini kwako Jumanne. Tunaomba umrudishe kwenye orodha kabla ya Jumatatu. Wakati anajaza ile fomu alikuwa anataka kuacha somo moja. Sasa hataki kuacha hata hilo.

La pili, Fomu ya Tano ibadilishwe rangi. Na kabla ya muhuri wa kwanza, mtu mmoja amuulize mwanafunzi: unaacha nini? Tuko tayari kukaa kwa zamu pale koridoni kila wiki ya nne tuulize sisi, na tumeshaandaa orodha ya zamu.

La tatu, siku ya mwisho ya kuacha somo isogezwe mbele, ije baada ya jaribio la kwanza kusahihishwa. Mtu akiacha, aache akiwa ameona karatasi yake.

Hatuombi njia ya kujiondoa ifungwe. Wapo wanaoihitaji kweli, na muuguzi wetu ni shahidi kwamba kupunguza mzigo kwa wakati wake ni akili. Tunaomba tu kila mtu atoke kwenye mlango aliokusudia kuutokea.

Kuhitimisha

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza bila kutazama saa. Chai iko tayari, kwaya iko tayari, na utepe utakaoukata mlangoni umepimwa na mtu anayejua vipimo. Mungu akupe afya na usingizi mwema, na kila ofisi utakayoingia maishani, akujalie umkute mtu anayeuliza kabla ya kugonga muhuri.

Ni sisi,
wanafunzi wa Ualimu, mwaka wa pili, arobaini na mmoja. Orodha ya chuo inasema tuko arobaini. Tumekaa wote mbele yako, Mheshimiwa, tunaomba utuhesabu.