Msinizike na Cheo

Peres, mama watoto, niwekee mto mwingine mgongoni, maana leo sauti yangu haifiki mbali na nina maneno ambayo sitaweza kuyarudia. Ivyne, sogea karibu. Na wewe Jackton, nimekuona umesimama hapo mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Usiondoke, kijana wangu, nakusihi. Wewe na dada yako hamjasalimiana tangu mambo ya ofisini yaharibike, na leo mmekutana katika chumba kimoja kwa sababu tu daktari amemwambia mama yenu ukweli, akidhani nimelala.

Sikilizeni basi. Nyumba ya Kinoo ni ya mama yenu maisha yake yote, na baadaye ni yenu nyote wawili. Msiiuze, wala mtu asijenge ukuta katikati ya ua. Shamba la Ugenya libaki la familia, na mimi mtanilaza huko kando ya baba yangu. Hayo ni mepesi. Linaloninyima pumzi ni ninyi.

Jackton, najua kinachokuuma. Uliingia kwenye kampuni ile ile ya sabuni niliyoitumikia mimi, ukapita njia yangu: ukavaa fulana yao na kugawa sampuli kwenye milango ya supamaketi, ukapanga bidhaa kwenye rafu, ukapewa maduka yako ya kuzungukia na kuchukua oda, ukasimamia wauzaji wenzako, mpaka ukawa meneja wa eneo. Ivyne akapitia ofisi ya masoko na digrii yake, msaidizi, kisha ofisa, kisha meneja wa bidhaa. Halafu wakubwa wakaunganisha masoko na mauzo, juu kikabaki kiti kimoja, akapewa yeye, na cheo chako kikafutwa, ukaambiwa urudi barabarani kuuza kama ulivyoanza, na aliyetumwa kukuambia ni dada yako. Ukamjibu mbele ya ofisi nzima, "Kuanzia leo mimi sina dada. Nilikuwa na bosi, na sasa hata bosi sina." Ukatoka. Neno hilo lililetwa kwangu, nami nakwambia liliniangusha kuliko huu ugonjwa.

Peres, nipe maji kidogo. Kidogo tu.

Mlimsikia Ndungu kwa jina, lakini hamkuambiwa yaliyotupata. Tulikuwa wawili kwenye gari moja la mauzo, yeye anaendesha, mimi nauza, Kangemi, Uthiru, Kawangware, mvua na jua, na gari likikwama kwenye tope tunasukuma pamoja huku tunatukanana na kucheka. Wewe Ivyne ulipotaka kuzaliwa, Ndungu ndiye aliyempeleka mama yenu hospitali kwa gari lile, mama amekaa katikati ya katoni za sabuni, na Wangui, mke wa Ndungu, amemshika mkono njia nzima. Walikuwa watu wetu kuliko ndugu zangu wa damu.

Kisha ikatokea nafasi ya meneja wa eneo, nafasi moja. Mkubwa wetu akatuita nyumbani kwake, mtaa wa Karen, akatukalisha bustanini, akatupa chai, akasema amemchagua Shem, yaani mimi. Ndungu akanipa mkono pale pale, akatabasamu. Jumatatu nikamwambia, "Ndungu, mimi ni yule yule." Akasema, "Ndiyo, bosi." Tangu siku hiyo hakuniita tena Shem. Aliomba kuhamishwa, akakataliwa, akaacha kazi, akakaa kwake Kinoo, karibu nasi kiasi kwamba mbwa wake wakibweka nasikia, na hakuna aliyekula tena kwa mwenzake. Sikumkosea, wanangu, naye hakunikosea, na ndiyo maana hatukupata hata cha kuombana msamaha.

Akafa. Nikabeba gunia la mchele begani, nikaenda na mama yenu. Wangui akatukuta getini, waombolezaji wote wanasikia, akaniambia polepole, "Bwana meneja, rudi nyumbani. Leo hapa hakuna mtu wa kusimamia." Nikarudi na mchele wangu. Peres, si ulikuwepo? Si nililia kama mtoto pale njiani?

Na hicho kiti chenyewe? Siku ya kustaafu walinikatia keki yenye jina langu lililokosewa, na kabla sijafika nyumbani mwingine alikuwa amekikalia.

Ivyne, sikwambii uache kazi. Umeitafuta kwa jasho na unaiweza, na kukifuta cheo cha kaka yako hakukuwa uamuzi wako. Lakini usijifiche nyuma ya hilo, binti yangu, kwa kuwa hata mimi sikuwa na kosa, na Ndungu yuko kaburini. Nenda kwa kaka yako. Nenda kwa miguu yako, usimtume mtu, usimpelekee ahadi ya kazi. Kaa, mwache afoke mpaka achoke, halafu ule chakula chake.

Jackton, akija kwako, mfungulie mlango. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, leo naomba. Unataka niseme nini? Nipige magoti? Siwezi kushuka hapa kitandani, kijana wangu, ningeshuka.

Mtakapotangaza kifo changu msianze na meneja huyu, meneja yule. Semeni Shem Omollo, mume wa Peres, baba wa Jackton na Ivyne, basi. Mpelekeeni Wangui habari ninyi wawili, pamoja, msimpigie simu. Akija, mpeni kipaza sauti, na lolote atakalosema juu yangu mtu asimkatize.

Sasa... ngojeni. Kifua.

Mungu aliyenipa ninyi awashike ninapowaachia. Watoto wenu wajuane. Mlipo na riziki iwepo, na mmoja akianguka mwingine asiulize amefikaje chini. Nawabariki wote wawili.

Nani amefungua mlango? Peres, nani ametoka? Mwiteni, mwiteni arudi... Ah. Ni nesi ameingia. Asante, Mungu wangu. Sioni vizuri tena, kumekuwa na ukungu humu.

Njooni, wanangu. Leteni mikono. Huu ni wa nani, wenye baridi hivi? Na huu uliokuja juu yake?

Hapana, msiseme. Msiiondoe. Acheni hivyo hivyo.