Ndoto ya Macho Makavu

Alimsho, zima hiyo simu. Zarifamo, acha kunifunika kama unga unaongoja kuumuka, joto ninalo. Kaeni mbele yangu wanangu wote wawili, na wewe jirani yangu Kimatsho kaa kwenye nguzo ya mlangoni, mahali pako pa siku zote, maana nitakayosema leo ni yako kuliko yao. Nimetaka nilazwe hapa katikati ya chumba, chini ya tundu la dari, ili jua likishuka linipitie mwilini. Limeshagusa nyayo. Nitasema mpaka linifike usoni, na baada ya hapo mwenye swali atajijibu mwenyewe.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mhesabu jua wa kijiji hiki. Ile mikwaruzo kwenye nguzo aliyoegemea Kimatsho ni yake, ilipigwa kwa kisu kabla sijazaliwa. Baridi ikianza kulegea alikuwa akipanda juu ya paa, anatazama jua linachomoza kwenye jino gani la mlima, kisha anashuka na kutangaza, "Jua limetoka kwa mbwa, limeingia kwa mtu." Basi kuanzia siku hiyo lilikuwa likipanda mwilini: siku tatu vidoleni, siku tatu kwenye kifundo, siku tatu kwenye muundi, na likifika gotini watu wanakwenda kuzibua mifereji, likifika kiunoni wanatoa majembe, likifika moyoni wanawake wanapaka unga kwenye nguzo na tunakula sikukuu. Likishapita utosini, baba aliacha kuhesabu. Siku arobaini nzima. Tulimsumbua, "Baba, leo jua liko wapi?" Anajibu, "Sijui. Halimo mwilini." "Sasa utajuaje la kufanya?" "Nitangoja mpaka nijue, na wewe nyamaza." Mimi nilimwona mzembe. Nilikuwa na madarasa yangu manne na mwalimu wangu aliyejua kila kitu, hata mwaka ambao umeme ungepasha joto mazizi ya ng'ombe.

Tulimwamini mwalimu, na kwa nini tusimwamini? Nilipoolewa na baba yenu Mirzokarim, taa zilikuwa zikiwaka, mashine ya umeme inanguruma kando ya shule, mafuta yanakuja na malori. Baba yenu, fundi mzima, alihamia humu kwa baba yangu, akapanda juu ya paa akaziba tundu hili kwa bati. Alisema, "Moshi wa nini tena, mke wangu? Tumemalizana na moshi." Nyumba ya mababu saba akaifumba jicho kwa sababu ya lori moja la mafuta.

Kisha vita vikaja huko chini, malori yakakoma. Wanangu, nyinyi mlikuwa wadogo, mnakumbuka njaa tu. Mimi nakumbuka kungoja. Kila asubuhi wanaume walisimama barabarani wakiikodolea macho kona ya mto Gunt. Tulikata miaprikoti yetu, tukakata miti ya mipopla kando ya mto, tukalibomoa lile bati kwa shoka ili tusife kwa moshi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Familia ya Kimatsho ilihamia humu ili tuwashe moto mmoja badala ya miwili, na mkewe Nisormo alilala hapa, ubavuni pangu, mgongo kwa mgongo.

Baba yenu alikuwa na mchoro. Ile mashine ya shuleni tumbo lake la nyaya lilikuwa zima, lilikosa kitu cha kulizungusha tu, na maji ya kinu cha Kimatsho yalizunguka bure mchana na usiku. Alihitaji mabomba, mabati, nati, na alihitaji kinu chenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba. Mnajua walimjibu nini? "Fundi, bomba ninalo, lakini malori si yanakuja mwezi ujao? Nikikupa nitafunga nini?" Chuma kilijaa vibandani. Vichwa navyo vilijaa malori, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine humo. Baba yenu akarudi, akautia mchoro chini ya godoro, akageukia ukuta.

Asubuhi yake, tukinywa chai ya chumvi isiyo na tone la maziwa, nikasema mbele ya wote: Nimeota. Nimemwona bibi wa nguo nyeupe amesimama ndani ya kinu cha Kimatsho, maji yanampita miguuni, taa inawaka juu ya kichwa chake. Akasema mwanga utakuja kabla jua halijafika moyoni, na jiwe la kinu litazunguka tena chini ya taa hiyo. Nilisema hivyo, nikapiga funda la chai.

Hadi jioni yake ya pili uani palikuwa na rundo la chuma lililonifika kifuani. Watu walewale! Bibi kizee wa nyumba ya juu alileta kitanda chake cha chuma. Kimatsho alinyanyua jiwe lake kutoka kwenye kinu, akalivingirisha mwenyewe mpaka hapa. Na taa iliwaka. Ilichelewa, jua lilikuwa limeshapanda mpaka shingoni, lakini hakuna aliyekumbuka kuhesabu. Walilia, wakambusu baba yenu mikono, wakanibusu mimi paji la uso, na tangu hapo nikawa Mama wa Ndoto, hata nikipiga chafya watu wanauliza maana yake.

Ila maji hayakutosha kuzungusha mashine na jiwe pia. Jiwe likawekwa kizingitini kwangu, kwa muda, alisema baba yenu. Nisormo alisaga matunda makavu ya mforosadi kwa mkono majira baada ya majira mpaka vidole vikashindwa kushika bakuli, na katika miaka yote hiyo, Kimatsho kila akiingia humu huinua mguu akaliruka jiwe lile. Hajalikanyaga hata mara moja. Nyinyi mlidhani ni adabu.

Sasa wewe Alimsho. Umekuja juzi na viatu vyako vya mjini, umenishika mkono kama daktari, ukaniambia kampuni yenu inataka malisho yote ya juu iyafunike kwa paneli za jua, na betri kubwa kama zizi, na nyumba zote thelathini na moja zitapashwa joto. Nikakuuliza betri itaishi miaka mingapi. "Kumi na tano, Mama, wataalamu wametabiri." Na ikifa mapema? "Haitakufa, Mama." Na kondoo? "Mambo yatajipanga." Kisha ukainama sikioni, "Watu wanasitasita. Wewe wanakusikiliza. Wakija kukuaga sema tu umeota tena. Neno moja, Mama."

Usiinamishe kichwa. Nitazame. Umeomba kitu unachojua nguvu yake, na hukujua kimetengenezwa na nini.

Sikuota, wanangu. Kimatsho, sikuota. Hapakuwa na bibi wa nguo nyeupe. Niliitunga nikiwa macho makavu, nikalichukua jiwe lako kwa uongo, nikakuahidi lingerudi, na mkeo alilipia kwa vidole vyake. Nimebeba hili nikalichoka, nawe ukitaka kunitemea mate, nitemee kabla sijawa maiti, ukimtemea maiti watu watakusema.

Unacheka nini? Rudia, masikio yangu yamejaa pamba. Ulijua? Zarifamo, amesema "nilijua" au "alijua"? Nisormo alikwambia asubuhi ileile... kwamba sikufumba jicho usiku kucha, nilikuwa nikigeukageuka na kumpiga viwiko. "Ataotaje mtu ambaye hakulala?" Lo! Na jiwe ukalileta? Kwa nini ukalileta, mjinga wewe?

Ulichoka kuitazama ile kona. Ndiyo. Hata mimi.

Basi hukudanganywa, ulikubali. Lakini wale wengine sikuwapa nafasi ya kukubali, nao sitawadanganya mara ya pili. Alimsho, kesho watakapokuja, wewe ndiye utakayesema, na utasema kama babu yako. Utawaambia, hapa ni goti, hili tumelipima. Hapa ni kiuno, hili tumeliona likifanya kazi kwa majirani. Na ukifika pasipo na alama, sema halimo mwilini, sijui. Liseme kwa sauti. Watu wa hapa si watoto, walitoa vitanda vyao. Na usianze na malisho yote. Anza na ule uwanda wa mawe chini ya korongo, hata mbuzi hapataki, mkae nao baridi moja mhesabu. Wakikataa, wamekataa, rudi mjini na viatu vyako.

Fungu langu la malisho nampa Zarifamo, kwa sababu yeye ndiye anayejua kila kondoo anakohoaje. Asiweke kidole gumba kwenye karatasi yoyote kabla baridi hiyo haijapita. Mchoro wa baba yenu uko palepale chini ya godoro, mchukue wewe Alimsho, uone alivyoandika pembeni, "Labda." Fundi mkubwa yule, na ameandika labda.

Jiwe mlinyanyue leo. Si kesho. Lirudi kwenye kinu, na vuli maji yakipungua mtayagawa, taa zipumzike kutwa nzima Kimatsho asage. Mtakula mkate gizani siku chache, hamtakufa. Na tundu la dari lisizibwe, hata mkiletewa jua lenyewe ndani ya sanduku.

Limefika kifuani. Zarifamo, usilivute godoro, liache linipande. Mola awape maji ya kutosha, na baridi ya kiasi, na ulimi usioona haya kusema sijui. Awaweke pamoja mkigombana. Kimatsho... ukitoka, leo toka bila kuliruka jiwe. Nataka kusikia.

Linachoma macho. Hapana, si machozi, nyamaza wewe. Nafumba kidogo... ah. Kinu. Kuna mtu ndani ya... Alimsho, naona... safari hii kweli, naota kweli, na amegeuka ananitazama, anasema...

Hapana. Hili siwaambii.